Tangu Lini? Mabadiliko ya Akili Uzeeni

Akili ya binadamu haizeeki yote kwa mpigo. Kinachotangulia kupungua ni wepesi: kasi ya kulipokea jambo, kulipima na kulijibu huanza kushuka mapema, taratibu kiasi kwamba mwenyewe haoni hadi anapokaribia sitini. Msamiati, ujuzi wa kazi na maarifa ya watu na dunia huenda njia nyingine. Huzidi kukua hadi utu uzima, na kwa wengi hubaki imara miaka mingi baadaye. Mwanasaikolojia Raymond Cattell ndiye aliyezitenganisha akili hizi mbili: moja ya kutatua jambo geni papo kwa papo, nyingine iliyojengwa na elimu na mazoea. Utafiti wa Seattle, Marekani, ulioanzishwa na K. Warner Schaie mwaka 1956 na kuwapima watu kila baada ya miaka saba, ulionyesha pia kwamba wazee hawafanani. Wapo wanaoingia miaka ya themanini wakiwa na upungufu mdogo sana, na wapo wanaoteleza mapema. Waswahili wanaposema utu uzima dawa, wanaisifu ile akili ya pili. Methali hiyo haijawahi kuahidi kwamba mzee atakumbuka alipoweka miwani.

Mifano mingi ya makala haya inatoka katika nyumba moja ya Tanga, ya fundi cherehani aliyeuguzwa na binti zake na wapwa zake hadi alipofariki, mwandishi akiwa mmoja wa wapwa hao. Alipofika miaka ya sitini fundi huyo alianza kukosa majina ya wateja aliowashonea tangu wakiwa watoto. Jina lilikuja baadaye, mteja akiwa ameshaondoka. Akaanza kuandika jina na vipimo kwenye kikaratasi na kukibana kwa pini juu ya kitambaa. Aliacha kushona suti, akabaki na kanzu na sare za shule. Huo ndio uzee wa kawaida: mtu anajua kwamba anasahau, na anajipangia njia ya kuzunguka. Mwanasaikolojia Mjerumani Paul Baltes alieleza utaratibu huohuo kwa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza idadi ya vipande alivyopiga hadharani, akavifanyia mazoezi zaidi, na kupunguza mwendo kidogo kabla ya sehemu za haraka ili zisikike za haraka zaidi.

Hisia nazo hubadilika, na mara nyingi kwa namna ambayo vijana hawaitarajii. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amekusanya ushahidi mwingi kwamba wazee walio na afya ya wastani hawana huzuni zaidi kuliko vijana. Wengi wana utulivu zaidi. Mtu anapoona muda uliobaki ni mfupi huacha kutafuta marafiki wapya na kushikamana na wachache anaowapenda. Familia huona mzee haendi tena barazani, hataki harusi za mbali, wageni wanamchosha, ikahukumu kwamba amekuwa mkali au ana kinyongo. Huenda anachagua tu. Tabia ya msingi, yaani upole, uchoyo, ucheshi au hasira, haigeuki sana kwa sababu ya miaka peke yake. Ikigeuka ghafla, mtu mpole akaanza kutukana au mwenye haya akaanza kuvua nguo mbele za watu, hilo si uzee, na linahitaji daktari.

Ugumu unaanza hapo, kwa sababu maradhi yanayoharibu akili ya mzee yanafanana mno machoni pa watu wa nyumbani. Sonona, kuweweseka na demensia yote huonekana kama kusahau, kuchanganyikiwa na kukosa mpango, na yote hupewa jibu moja: ni uzee tu. Swali linaloyatenganisha vizuri zaidi halihitaji mashine. Ni swali la tangu lini. Kuweweseka huja kwa saa au siku. Sonona huja kwa wiki na miezi, na mara nyingi kuna tukio lililoitangulia. Demensia huja kwa miaka, na hakuna anayeweza kutaja siku iliyoanza.

Sonona ya uzeeni mara nyingi haina machozi. Mzee analalamikia mwili: mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa, usingizi unaokatika alfajiri. Anakula kidogo, anajibu kwa mkato, anapoulizwa jambo anasema hajui. Mwenye demensia aghalabu hujaribu kuficha pengo kwa kubuni jibu. Mwenye sonona hana nguvu hata ya kujaribu. Fundi wa Tanga alipofiwa na mkewe, matanga yalianuliwa, hitma ikasomwa, na kwa kuwa mwanamume hana eda alitazamiwa kurudi kazini mara moja. Alirudi. Alikaa mbele ya cherehani na kitambaa mapajani hadi adhuhuri bila kutia uzi kwenye sindano, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee akili imeruka. Mjane wa kike hupewa na sheria ya dini miezi minne na siku kumi ambazo hakuna anayemtaka awe mzima. Mwanamume hana muda wa namna hiyo, na pengo hilo halizungumzwi vya kutosha. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa au kwa vyote viwili. Kwa fundi, dawa za hospitali na shemeji aliyekuja kunywa naye kahawa kila jioni vilimrudisha kazini, na kumbukumbu ikarudi pamoja naye. Hata hivyo sonona inayoanza uzeeni wakati mwingine ni mlango wa demensia, kwa hiyo aliyepona anastahili kuendelea kuangaliwa.

Kuweweseka ni dharura. Ubongo wa mzee una akiba ndogo, na jambo linalompa kijana homa tu linaweza kumvuruga mzee kabisa: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji, sukari kushuka au kupanda mno, choo kilichofunga, maumivu, upasuaji, hata kuhamishwa nyumba. Dawa nazo ni chanzo kikubwa kinachosahauliwa. Klofeniramini, ambayo maduka ya dawa huiuza kwa jina la Piriton na watu huinunua kwa mafua kama pipi, humvuruga mzee kwa sababu huzuia kemikali ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Diazepamu na baadhi ya dawa za usingizi hufanya hivyo kwa njia nyingine. Dalili kuu ni kuyumba. Asubuhi mzee anaongea sawasawa, magharibi hajui yuko wapi, usiku anaona vitu visivyokuwapo. Ipo pia sura ya kimya, ambayo ni ya hatari zaidi kwa sababu haimsumbui mtu: mzee analala tu mchana kutwa, na nyumba nzima inasema amechoka, mwacheni apumzike.

Katika Ramadhani moja ya joto kali fundi alikataa kuacha kufunga. Baada ya siku chache alianza kuwaona kuku wakitembea darini, akamwita mkwewe aliyekufa zamani, akataka kutoka usiku wa manane kwenda kufungua duka. Majirani walimleta mwalimu amsomee, na alimsomea. Kesho yake mkojo ulipopimwa kwenye zahanati ulionyesha maambukizi. Alitundikiwa maji, akapewa antibiotiki, na kabla ya Idi aliwaulizia wateja wake nguo zao kwa majina. Kisomo na kipimo havikugombana katika nyumba ile. Tatizo lingekuwa kuishia kwenye kimoja. Lakini binti yake mkubwa aligundua kwamba hakurudi palepale alipokuwa, na alikuwa sahihi. Kuweweseka humpata kwa urahisi zaidi mtu ambaye ubongo wake tayari umeanza kuugua, na mara nyingi ndiko kunakoitoa demensia mafichoni.

Demensia ni jina la hali na si la ugonjwa mmoja: kupungua kwa kumbukumbu, lugha, mwelekeo au maamuzi hadi mtu ashindwe kujitegemea katika mambo aliyoyaweza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, alimpokea mgonjwa wake maarufu, Auguste Deter, huko Frankfurt mwaka 1901, mwanamke wa miaka 51 ambaye dalili yake ya awali ilikuwa wivu mkali usio na msingi juu ya mumewe. Alipofariki mwaka 1906 ubongo wake ulichunguzwa kwa hadubini, na mwezi Novemba mwaka huo Alzheimer alieleza huko Tübingen alichokiona: madoa ya protini nje ya seli za neva, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Madoa hayo leo yanajulikana kuwa ya amiloidi, na nyuzi hizo ni za protini iitwayo tau. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuweka ugonjwa huo katika kitabu chake cha tiba kwa jina la Alzheimer.

Uharibifu huo huanza miaka mingi kabla ya dalili, na hupiga mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosajili mambo mapya. Ndiyo sababu mgonjwa anaeleza kwa ufasaha safari ya utotoni lakini hajui kama amekula chakula cha mchana. Nyumbani kwa fundi dalili ya kwanza ilijitokeza kwenye swala. Alimaliza alasiri, akakunja mswala, akaketi kidogo, kisha akautandika akaswali alasiri tena. Baadaye alianza kupotea katikati ya rakaa. Dalili ya pili ilikuwa tuhuma. Aliificha pesa chini ya godoro, akasahau, akamshtaki msichana wa kazi kwa wizi. Ni vigumu kujua wasichana wa kazi wangapi katika Afrika Mashariki wamefukuzwa na kuitwa wezi kwa sababu ya ugonjwa wa bosi wao. Mwandishi anashuku ni wengi.

Aina nyingine zina mwendo wake. Demensia ya mishipa ya damu hutokana na viharusi, vingine vidogo visivyotambuliwa, na hushuka kwa ngazi: mzee anatulia miezi, anashuka ghafla, anatulia tena. Presha na kisukari visivyodhibitiwa ndivyo vinavyoilisha, na kwa jinsi maradhi hayo yanavyoenea Afrika Mashariki itaongezeka. Demensia ya miili ya Lewy, iliyopewa jina la Fritz Heinrich Lewy, huleta maruweruwe ya watu na wanyama wanaoonekana wazi, mwili kukakamaa, na akili inayopanda na kushuka siku hadi siku. Mgonjwa wake akipewa haloperidoli ili atulie anaweza kukakamaa kabisa au kufa. Aina inayoanzia mbele ya ubongo, ambayo Arnold Pick aliieleza mwaka 1892, huwapata hata watu wa miaka ya hamsini, na huanza kwa kuharibu tabia kabla ya kumbukumbu. Wengi wenye umri mkubwa wana mchanganyiko. Si kila maruweruwe ni demensia, vilevile. Charles Bonnet wa Geneva aliandika mwaka 1760 juu ya babu yake aliyekuwa na mtoto wa jicho na kuona watu, ndege na majengo yasiyokuwapo, akiwa na akili timamu na akijua kwamba hayapo. Ubongo unaokosa picha hujitengenezea zake.

Kabla ya kusema demensia, daktari mzuri hutafuta vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende, Virusi vya Ukimwi, pombe, maji kujaa ndani ya ubongo, na damu iliyovilia chini ya fuvu wiki kadhaa baada ya mzee kuanguka na kujigonga kichwa. Uziwi pia. Mzee asiyesikia swali hujibu lisiloulizwa, na huhukumiwa haraka.

Kipimo chenyewe kinaweza kudanganya. Jaribio lililoenea zaidi duniani, lililotungwa na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975, linamtaka mtu aandike sentensi na kunakili maumbo ya pembe tano. Mkulima ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa hata akiwa na akili kali. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijiji sita kuwapima watu wa miaka 70 na zaidi, wakakadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia, kiwango kisichotofautiana sana na cha nchi tajiri. Kazi hiyo ilizaa kipimo kifupi cha maswali sita kinachowafaa wasiosoma: daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa hapa ni nani, taja wanyama kwa dakika moja, kumbuka maneno uliyosomewa, na panga njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa. Kati ya waliokutwa wagonjwa katika vijiji hivyo, karibu hakuna aliyekuwa ameambiwa na yeyote kabla ya hapo.

Lisilotambuliwa hospitali hutafutiwa maelezo kwingine. Magazeti hayaishi habari za bibi anayesemwa kuwa mchawi aliyeanguka na ungo: anakutwa alfajiri uani kwa watu, nguo nusu, haelewi ametokea wapi wala anakwenda wapi. Anayeijua demensia huisoma habari hiyo kwa macho mengine, kwani kutangatanga usiku ni dalili ya kawaida kabisa. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miongo kadhaa, macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni yakichukuliwa kuwa ushahidi. Kilifi, Kenya, mvi peke yake zimewatia wazee hatarini, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba linalosubiriwa. Wengi wa waliouawa hawakuwa na ugonjwa wowote. Lakini mzee anayezungumza peke yake, anayezurura gizani na kuwataja wafu kama waliopo ana kinga ndogo zaidi kuliko wote katika kijiji kinachomtafuta mchawi.

Kwa upande mwingine, adabu huuficha ugonjwa. Salamu za Kiswahili zina njia yake, na fundi aliipita bila kosa hadi miaka ya mwisho. Alipoambiwa shikamoo alijibu marahaba, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, akashukuru, akaomba dua. Wageni walitoka wakisema mbona mzee mzima, wanawe wanamsingizia. Hakujua aliongea na nani. Mambo yaliyorudiwa maelfu ya mara hukaa sehemu nyingine ya ubongo: sura za Kurani alizohifadhi chuoni utotoni zilitoka bila kukwama, na alipopewa kitambaa na mkasi alikata shingo ya kanzu kwa jicho, ingawa hakuweza kusema ni ya nani. Lugha nayo hurudi nyuma. Wenye lugha mbili mara nyingi hupoteza kwanza ile waliyojifunza baadaye. Fundi aliishia kuwasemesha wajukuu Kibondei, nao wanajua Kiswahili tu.

Tiba ya kuurudisha ubongo haipo. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, husaidia dalili kwa muda. Lekanemabu, iliyopata idhini kamili huko mwaka 2023, hupunguza kidogo kasi ya Alzheimer ikiwa changa, lakini hutolewa kwa dripu, huhitaji picha za ubongo mara kwa mara na inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Kwa familia nyingi za Tanga hiyo ni habari ya gazetini tu. Vikundi vya kuchangamsha akili, vya mikutano 14 ya mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono, vimejaribiwa Hai na kuleta nafuu bila mashine yoyote. Upande wa kinga, jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwamo elimu ndogo utotoni, uziwi, presha, kisukari, sigara, upweke, hewa chafu na kutoona vizuri. Orodha hiyo ina maana ya pekee kwa watu wa huku: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na presha hupimwa kwenye zahanati yoyote.

Yanayobaki ni malezi, na humo familia hujifunza kwa kupigwa. Fundi aliuliza mkewe yuko wapi. Mwanzoni aliambiwa ukweli kwamba amekufa, na kila mara alilia kilio cha siku ya kwanza. Baadaye binti aliacha kujibu, akawa anauliza: alikuwa akipika nini vizuri? Mzee akaanza kueleza, na swali likapita. Kubishana na mgonjwa hakumfundishi kitu, kwani chombo cha kushika fundisho ndicho kilichoharibika. Ghasia za magharibi zilipungua taa zilipowashwa mapema na redio kuzimwa. Pesa zinahitaji uamuzi wa mapema kuliko watu wanavyodhani, maana kuhesabu na kupima hila huondoka mwanzoni kabisa. Mzee anayetaja namba yake ya siri kwa kila anayepiga simu atamalizwa na matapeli kabla ya familia kuamini kwamba anaumwa. Wasia na hati za nyumba huandikwa akiwa bado anaelewa, au huzaa kesi.

Mlezi, ambaye karibu kila mara ni binti au mkwe wa kike, hulala vipande vipande kwa miaka na kuugua kimya; sonona kwa walezi ni ya kawaida. Kilichosaidia Tanga ni ratiba ya zamu za usiku iliyobandikwa ukutani, wapwa wa kiume wakiwemo, baada ya ugomvi mkubwa. Mwishoni mgonjwa hupoteza maneno, kisha kutembea, kisha kumeza. Chakula laini, tonge dogo, akiwa ameketishwa wima na kuachwa hivyo nusu saa, hupunguza uwezekano wa kupaliwa na nimonia inayofuata, ambayo ndiyo huwaua wengi. Mpira wa kulishia kupitia puani au tumboni haujaonyesha kurefusha maisha katika hatua hiyo. Kijiko mkononi mwa mtu anayejua mzee anapenda uji wa namna gani kinatosha.